Unyoya Arudi Mikononi mwa Kamba

Saa moja kasoro robo asubuhi. Mwanamke wa miaka hamsini na minane anatembea peku juu ya sakafu ya mbao ya ukumbi wa mazoezi, taratibu, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Anasimama. Anakandamiza ubao mmoja kwa kisigino, anainama kwa shida, anatoa nyundo mfukoni mwa koti na kugongelea msumari uliochomoza.

"Macho yanadanganya," anasema. "Unyayo haudanganyi."

Wachezaji kumi na wanne wa kikundi hiki cha dansi ya jukwaani wanamwita Shangazi. Yeye ndiye anayekagua sakafu, kuanika magodoro ya sponji, kuwapasha viungo moto na kumuuliza kila anayeingia swali moja: "Unaumwa wapi leo?" Asiyejibu havui viatu. Leo binti mmoja anakiri kwamba kifundo cha mguu kinamsumbua. Shangazi anamvutia kiti. "Kaa hapo, mwanangu. Utacheza kwa macho."

Watu wa rika lake wanamjua kwa jina jingine: Unyoya.

"Nilikuwa mwembamba kama uzi wa cherehani," anasema, akicheka hadi mabega yanatikisika. "Sasa hivi ukinirusha juu, ujue utanidaka wewe na majirani zako."

Alikuwa na miaka kumi na tisa, anashona vifungo kwa fundi wa nguo, kikundi kilipoleta kitambaa cha magauni ya jukwaani. Fundi alimwambia avae moja walione likiwa mwilini. Alilivaa, akazunguka, akazunguka tena, na mwongozaji wa kikundi akasahau shida ya nguo.

"Mama aliniuliza, mwanangu, kucheza nako ni kazi? Nikamwambia, mama, wale hawachezi, wanasema bila kufungua mdomo. Akasema, basi uende, maana wewe mdomo wako umeshachoka."

Walisafiri kwa lori, watu kumi na turubai moja. Walicheza kwenye viwanja vya shule, masokoni, nje ya zahanati. Dansi moja ilimhusu msichana anayejifunza kusema "sitaki", kwanza kwa mabega, kisha kwa viganja, mwishowe kwa sauti ambayo watoto wote uwanjani waliitikia. Nyingine ilihusu kifua kikuu: kitambaa kirefu cheupe kiliwazunguka wachezaji wawili, kikikaza kila mmoja alipokohoa.

"Siku moja sokoni, muuza nyanya aliacha meza yake akanifuata nyuma ya lori," anakumbuka. "Akaniambia, 'Dada, kile kitambaa kimo kifuani mwangu.' Nikampeleka zahanati hata sijabadili nguo. Wagonjwa wakadhani mimi ni bibi harusi aliyekimbia." Anatabasamu. "Siku zile zilikuwa tamu, jamani. Tulikuwa maskini, lakini tulikuwa na kitu cha kusema."

Mchezaji wa pili ndani ya kitambaa kile aliitwa Kamba, kwa sababu hakuwahi kumwachia mtu. Alimnyanyua Unyoya juu ya kichwa chake kwa miaka kumi na minne.

Mwaka wa kumi na tano, Kamba alianza kukohoa nyuma ya lori.

"Nikamuuliza. Akasema, 'Vumbi tu, dada.' Nikaliacha lipite." Anayasema haya akiitazama sakafu. "Nilikuwa naucheza ugonjwa ule mara tatu kwa wiki. Ningeshindwaje kuutambua? Lakini tulikuwa tunapendwa. Nani alitaka kuvunja shughuli?"

Ilivunjika yenyewe. Mbele ya wanafunzi wapatao mia sita, Kamba alimnyanyua, nguvu zikamwishia, na Unyoya akaanguka kwa ubavu kwenye ardhi kavu. Wanafunzi walipiga makofi. Walidhani ndiyo dansi yenyewe.

Nyonga ya kushoto ilivunjika. Alilala wiki kumi na moja na hakucheza tena. Kamba alipimwa, akakutwa na kifua kikuu, akameza dawa miezi sita, akapona. Wenzao wawili nao walikutwa nacho, wakatibiwa.

Kwa miaka minne Unyoya hakumsemesha.

"Haikuwa hasira ya mfupa. Mfupa unaunga. Mtu yule aliwaambia ukweli watu wa kila soko, mimi akanificha. Na mimi nilimsaidia kuficha. Hapo ndipo paliuma."

Mama yake Unyoya alipofariki, Kamba alikuja msibani. Alibeba viti kutwa nzima. Watu walipopungua, akakaa kando yake.

"Akasema, 'Dada, nilikuogopa wewe kuliko dawa.' Nikamwambia, wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Wewe ulificha maradhi, kilio kikaniumbua mimi! Tukacheka pale pale, macho yamejaa machozi. Mashangazi wakatukemea."

Mwongozaji wa sasa, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, alikuwa mmoja wa wanafunzi wale mia sita. "Nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wote," anasema. "Nilikuja kujua ukubwani kwamba nilimwona mtu akiumia." Sasa anatunga dansi kuhusu siku ile, na amewaomba Unyoya na Kamba wenyewe waicheze. Masharti yake ni mawili: daktari awapime kwanza, na chini liwepo godoro.

Saa nne Kamba anawasili, mvi kichwani, begi begani. Ana miaka sitini na mmoja na anafundisha watoto dansi katika mji mwingine. Anakuja kwa basi kila baada ya wiki mbili. Leo ndiyo siku iliyopangwa ya kujaribu kunyanyuana. Vijana wameshapanga magodoro, wamesimama pembeni.

Kamba anamshika kiuno. Anavuta pumzi. Kisha anamwachia.

"Dada, bega la kulia linauma. Tangu juzi."

Unyoya anamtazama muda mrefu, mkono wake ukiwa kwenye nyonga.

"Rudia," anasema.

"Linauma. Nikikunyanyua leo, nitakuangusha."

Unyoya anamgeuza taratibu, anaegemeza mgongo wake kwenye mgongo wa Kamba, na wote wawili wanashuka pole pole mpaka chini, wakisukumana, magoti yakilalamika kwa sauti. Mwongozaji anafuta machozi na kuandika kitu kwenye daftari. Hatua hiyo imeingia kwenye dansi.

Onyesho liko miezi miwili mbele. Daktari akiliruhusu bega, Kamba atamnyanyua Unyoya shubiri moja tu kutoka sakafuni. Asiporuhusu, watakaa kwenye viti viwili na kucheza kwa mikono.

"Yote mawili ni dansi," anasema Unyoya, akifunga kamba za viatu vyake. "Lakini Mungu akijalia, ningependa hiyo shubiri moja. Nimepakumbuka sana pale juu."