Nimekalia kiti cha chifu huku Bwera

Jamani, leo watu wa Bwera wamenitawaza chifu!

Haya, ni uongo. Nimekalia tu kiti cha chifu wao wa zamani, kile cha miguu mitatu, pale makumbusho. Magoti yalikuwa yananiuma, na mke wangu Biira alikuwa bado anashangaa mikuki.

Mama mtunzaji akaja mbio. Nikajua natupwa nje!

"Mzee, hii kiti ni ya marehemu bwana yangu. Kwetu anayeikalia anarithi mpaka mjane. Na mjane ni mimi!"

Wageni wote kicheko. Mimi jasho!

Nikamtazama Biira aniokoe.

"Mchukue tu, dada," akasema. "Ila anakoroma."

Akapanda boda, huyoo, Kasese!

Baluku rafiki yangu, juzi nilikubebea matoke mpaka Karusandara. Leo njoo na pikipiki unichukue. Huyu mama ameshaweka sufuria motoni!