Diski Isiyo na Herufi

Studio yetu ya Satwa, Dubai, ilikuwa juu ya duka la fundi cherehani, na kompyuta ya maana ilikuwa moja tu. Arbab, mwenye studio, alikuwa mtu wa kuongeza diski badala ya kununua kompyuta ya pili. Ikijaa moja alileta nyingine, akaichomeka, akasema yalla, endeleeni na kazi. Kulikuwa na za ndani, za nje, zenye waya mfupi na zenye kutaka umeme wao peke yao. Chini ya meza ile palikuwa na joto ambalo hata kiyoyozi kilishindwa kuliondoa.

Asiyewahi kufanya kazi hii hajui kero ya herufi. Kompyuta huita kila diski kwa herufi: C ni ya kwake mwenyewe, nyingine hupewa D, E, F na kuendelea. Tabu ni kwamba diski usiyoipangia herufi huokota yoyote iliyo wazi. Leo ni F. Kesho mwenzako akitangulia kuchomeka fleshi yake, yako imeshakuwa G. Na programu ya kuhariri video haina habari ya kukutafutia. Umeiambia picha ziko F, basi inakwenda F, na isipozikuta inakujazia skrini wekundu. Harusi nzima, hakuna kitu. Mara ya kwanza kuuona wekundu ule nililia kama nimefiwa, kumbe picha zote zipo, zimehamia tu kwa jirani.

Nikajifunza kugawa herufi kwa mkono. Ukifungua ukurasa wa kusimamia diski, unazikuta zote zimepangwa, na unaweza kuipa kila moja herufi yake ya kudumu. Nikaweka utaratibu: D picha za pasipoti, E matangazo ya maduka, F harusi za Wahindi. Yangu nikaipa W, kwa kuwa ilikuwa ya wanawake.

Kazi yangu pale ilikuwa hiyo tu, harusi za wanawake. Arbab hakuniajiri kwa uzuri wa picha zangu. Alihitaji mwanamke, kwa sababu familia zetu za pwani, na hata za wenyeji, hazimruhusu mwanamume kuingia siku ya kupamba. Mlango wa ukumbi ukishafungwa, mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachiwa, na mama mtu mzima ambaye barabarani humwoni hata kifundo cha mguu anacheza chakacha mpaka jasho linamtoka. Simu zinawekwa kwenye kikapu mlangoni. Kamera inayobaki ndani ni moja, na wote wanaijua ni ya nani.

Sasa ukirudi studio, kompyuta ni moja na neno la siri wanalijua wote, wakiwemo wanaume wanaohariri zamu ya jioni. Nifanyeje? Ndipo nilipogundua kwamba diski unaweza kuinyang'anya herufi. Ukiiondoa W, diski ipo palepale, inazunguka, inapumua, lakini kwenye dirisha la diski haionekani. Mtu atafungua D, E, F, atafunga, ataondoka. Asubuhi nikifika narudisha W, nafanya kazi, nikimaliza naiondoa. Nilikuwa nawaambia akina mama kwa kinywa kipana, "Hata mwenye studio haioni." Nilijivunia sana maneno hayo.

Tulioijua siri hiyo tulikuwa wawili. Wa pili alikuwa shoga yangu wa Unguja. Tulikaa chumba kimoja mtaa wa Discovery Gardens, kitanda chake juu changu chini, na mimi ndiye niliyemwombea kazi kwa arbab alipochoka kusimama mapokezi hotelini. Nilimfundisha kushika kamera, nikamfundisha kuhariri, kisha nikamfundisha kuiondoa W na kuirudisha. Nilimpenda yule msichana. Nikipika nilipikia watu wawili bila kuuliza kama anakula nyumbani.

Asubuhi moja nikafungua harusi niliyokuwa nikiihariri, ya familia ya Kizanzibari ya mtaa wa Mirdif, nikakuta wekundu. Nikajisemea, ah, nimesahau kurudisha herufi. Nikaenda kwenye ukurasa wa diski kuiweka W. Nikakuta diski tayari ina herufi. Ilikuwa G.

Nilikaa nikaitazama ile G. Diski isiyopangiwa huokota herufi, lakini uliyoinyang'anya kwa mkono haijipi yenyewe. Hilo nilikuwa na hakika nalo. Na G ndiyo kompyuta inayokupendekezea ukiwa na haraka, ukabonyeza ndiyo, ndiyo, bila kuchagua. Mtu alikuwa ameingia.

Nikamwuliza shoga yangu. Alikuwa anapanguza lenzi, hakuinua uso. "Labda umeme ulikatika, mwenzangu. Mashine zikizimika ghafla huchanganyikiwa."

Umeme ukatike Dubai! Uongo ule aliubeba kutoka kwetu, ambako umeme ukikatika hubebeshwa lawama zote za nchi. Tangu nifike mji ule sikuwahi kuona taa ikipepesa. Ningecheka kama asingekuwa yeye. Lakini nilitaka kumwamini, basi nikamwamini. Nikairudishia W yake na kuendelea na kazi.

Haikupita wiki, simu ikalia. Alikuwa mama wa bi harusi wa Mirdif.

"Mwanangu, studio yenu ina televisheni pale mapokezi?"

"Ipo, mama."

"Hebu nenda kaitazame."

Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma siku zote, mapokezi sikuwa na shughuli nako. Nikaenda. Wanaume watatu walikuwa wamekaa wakisubiri picha za viza. Juu yao, kwenye skrini, binti wa Mirdif alikuwa akicheza, nywele mgongoni, mabega wazi, shangazi zake wakimtunza noti. Wimbo ulikuwa umewekwa mwingine, na chini kulipita jina la studio na namba ya simu. Nikachomoa waya ukutani. Mmoja wa wale wanaume aliniambia, kwa adabu kabisa, kwamba walikuwa bado wanaangalia.

Arbab hakuona kosa. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mgeni, kwamba kompyuta ni yake, diski ni yake, na biashara haiwezi kuuza kitu isichokionyesha. "Nilimwomba mwenzako, akanifungulia. Akanichagulia na sehemu nzuri. Alisema hakuna shida." Kisha akaniambia kwamba tangu mwezi ule mwenzangu ndiye angesimamia harusi za wanawake. "Wewe unaficha vitu. Yeye anasaidia. Khalas."

Akanichagulia na sehemu nzuri. Maneno hayo yaliniingia kuliko yote. Maana yake alikaa pale, akatazama saa zote zile za ngoma, akamkata binti wa watu vipande vizuri vizuri.

Nilikwenda Mirdif kwa teksi. Mama yule alinikaribisha, nikatoa shikamoo, akaitikia, mtumishi akaleta chai. Ningefurahi kama angenitukana. Akaniambia ni dereva wao aliyeiona, alipotumwa kuchukua albamu. Mtu mzima, amempeleka binti yule shuleni tangu mdogo. Alikuwa ameingia jikoni, akamwomba mpishi amwite mama, akasema macho yakiwa sakafuni.

"Sasa hataki hata kumtazama kwenye kioo cha gari," alisema. "Na binti hataki kupanda gari lake. Mumewe ndiye hajui bado. Kila simu ikilia moyo unaniruka."

Nikamwambia si mimi. Nikaanza kueleza herufi, W na G, nani aliijua, nani aliirudisha. Nilijisikia mwenyewe nikipayuka. Akaningoja nimalize.

"Mie sikutaka kamera, mwanangu. Kamera zimejaa mji mzima. Nilikutaka wewe."

Binti alikuwa juu, hakushuka.

Jioni ile nilimkuta shoga yangu chumbani, anapaka mafuta miguu. Nikamwuliza moja kwa moja. Hakukana tena.

"Arbab kaniomba, nikatae vipi? Viza yangu si iko kwake? Na wewe unaikuza tu. Ngoma ile! Si uchi, si nini. Watu washacheza, washakula, washaondoka. Mie sikujua kama itakuwa jambo."

"Ulinambia umeme."

"Nilikuona una hasira."

Nilihama chumba kile, na mkataba ulipokwisha nikahama na studio. Akina mama wa Mirdif waliacha kunipigia, na baada yao wengine, maana harusi zetu hupeana habari haraka. Nilibaki kupiga picha za keki na viatu vya watoto. Lakini nitasema kweli, sikumchukia kama nilivyopaswa kumchukia. Nilijipoza kwa neno lake lile moja, kwamba hakujua. Mtoto wa watu, nilijiambia, akili bado changa, hakuelewa alikuwa ameshika nini mkononi. Niliweza kulala nikifikiri hivyo.

Kisha akaja kunitafuta nilipokuwa nikifanya kazi, amependeza, michoro ya piko mkononi. Anaolewa. Ukumbi umeshapatikana Deira, mama yake anakuja kutoka Unguja.

"Nataka unipige wewe," alisema. "Wale wa studio siwataki, siwaamini hata kidogo. Na ukimaliza, diski yangu uiondolee herufi, kama ile W. Au usiiweke kabisa kwenye kompyuta. Mama yangu akijua mwanamume kaniona nacheza, atakufa, wallahi." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Machozi yalikuwa ya kweli. Alikuwa na hofu, na aliieleza hofu ile yote vizuri, hatua kwa hatua, hakuacha kitu: nywele, mabega, dereva atakayetumwa albamu, mume, watu wa nyumbani watakavyosema.

Alikuwa anajua. Kila kitu alikuwa anakijua, na siku ile aliyobonyeza ndiyo, ndiyo, alikuwa anakijua pia.

Nikautoa mkono wangu. Nikamwambia siku hiyo nina kazi, ingawa siku yenyewe alikuwa bado hajanitajia.