Mlango Mmoja kwa Wageni Wote

Mpambaji wa maharusi Amu, huko Lamu, anajua mengi kuliko kadhi. Anajua ni yupi mwenye kovu begani, ni yupi aliyelia hadi hina ikamharibikia, na ni yupi aliyekubali mume kwa kuchoka kuulizwa. Mwanamkisi binti Uthman aliyajua yote hayo na hakuna aliyewahi kuyasikia kinywani mwake. Kuchora maua hata msichana wa juzi hujifunza, na siku hizi wanajifunza kwenye simu. Kunyamaza ndiko kulikompa jina, kuanzia Mbwajumwali alikozaliwa, hadi Ndau na Amu yenyewe alikoolewa na kuachwa mjane.

Tatizo ni kwamba mdomo wake ulikuwa na adabu kuliko simu yake. Wateja wa Pate walimwandikia kwa Wasapu. Mabinti wa mjini walimtafuta Instagramu, walioolewa Mombasa walimsalimia Fesibuku, na wengine wakaja na Telegramu kwa sababu zao. Kila huduma ina mlio wake, na simu ikawa inapiga kelele mchana kutwa kama jiko la shughuli. Kuna harusi moja ya Faza iliyofanywa mapema kuliko siku iliyopangwa, ujumbe ukaachwa Fesibuku, naye hakuuona. Aliposhuka gatini na mkoba wake wa hina alikuta bi harusi keshapambwa na mwingine. Walimkaribisha, wakampakulia pilau, wakamwambia hapana neno, na kule kukarimiwa ndiko kulikomuuma. Alirudi Amu ameapa hatapitwa tena na ujumbe wa mtu.

Ndipo akamwendea Mueni, Mkamba mwenye kibanda cha simu karibu na gati. Mueni alimwonyesha programu moja inayokusanya huduma zote mahali pamoja.

"Hii ni kama mlango mmoja, Bi Mwanamkisi," alisema. "Wageni wote wanaingilia hapa. Huna haja ya kuzunguka kila app."

Maneno hayo yalimwingia. Nyumba za Amu zina daka, kile kibaraza cha mawe mlangoni ambapo mgeni hukaa kwanza kabla haijajulikana kama ni wa kuingia ndani au ni wa kuishia hapo. Alijiona ameketi dakani, anapokea kila ajaye. Mueni akaunganisha akaunti moja baada ya nyingine, akafuta zile programu za zamani ili simu ipate nafasi, akabakisha Wasapu peke yake kwa sababu hiyo haikubali kufanya kazi bila yenyewe kuwepo. Mwishoni programu ikauliza kama iwaunganishe watu wenye namba moja, kila mtu awe na jina moja na ukurasa mmoja.

"Niseme ndiyo?" aliuliza Mueni.

"Sema ndiyo," alijibu Mwanamkisi. Kwa Mueni, aliyekulia Machakos, namba ni mtu. Mwanamkisi hakuwa na udhuru huo. Alijua vizuri kwamba huko visiwani namba ni nyumba, na nyumba ina watu wa ndani na watu wa nje. Alijua, hakufikiri.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, Hayat alikuwa ameketi mkekani chumbani kwa Mwanamkisi, Amu. Alikuwa msichana wa Ndau, mwari wa harusi ya Ijumaa, hana mama. Aliyesimama mahali pa mama ni Esha, mdogo wa marehemu, naye alikuwa Ndau akipika na kupokea wageni. Mwanamkisi alikuwa amemsuka Hayat nywele na kuzitia asumini, akamchora mkono wa kushoto mpaka juu ya kiwiko, na hina bado mbichi. Mkono wa kulia na miguu ilingoja Esha achague: maua yaendelee hivyo, au yapunguzwe.

"Nikupige picha nimpelekee mama yako mdogo," alisema Mwanamkisi. "Kisha naifuta."

Hayat alisita. Alikuwa amefunga leso kifuani, mabega wazi, nywele wazi. Tangu abalehe hakuna mwanamume aliyemwona hivyo ila babake. "Ni ya mama mdogo tu?"

"Amana yangu kwako."

Akapiga. Ilikuwa picha nzuri, na uzuri wake ndio ulioifanya iwe ya hatari. Akafungua programu yake mpya, akaona jina, Esha Ndau, akabonyeza, ikaenda. Ni hapo tu alipoona alama ndogo ya buluu pembeni mwa picha. Ilikuwa alama ya Telegramu.

Esha hana Telegramu. Mwenye Telegramu kwa namba ile ni Idarus, mume wa Esha, aliyeifungua kwenye simu yake mwenyewe kwa laini ya nyumbani, ile ile ya Esha, ili azungumze na wavuvi wenzake wa kamba na mnunuzi wao. Programu ilikuta namba moja, ikawafanya mume na mke kuwa mtu mmoja, na kwa kuwa Idarus ndiye aliyetumia namba hiyo mwisho, ikapitishia kwake.

Idarus si maharimu wa Hayat, hana ruhusa ya kumwona nywele. Na saa hizi Idarus yuko bandarini Ndau na mabaharia wake, simu ikienda mkono kwa mkono watazame bei ya kamba. Miongoni mwa mabaharia hao yumo Taufiq. Taufiq ndiye bwana harusi.

"Ameionaye?" aliuliza Hayat, akitaka kujua mama mdogo ameipendaje. Hakuweza kuinuka wala kugusa kitu, mkono ameunyoosha juu ya mto, hina ikimeremeta.

"Hayajibu," alisema Mwanamkisi, kana kwamba picha ilikwenda kwa Esha naye bado hajajibu. Ulikuwa uongo mdogo, na ulitoka kwa wepesi uliomshangaza mwenyewe.

Aliishika picha, akabonyeza futa. Ikapotea. Kwa muda wa pumzi moja alishukuru, kisha akasoma maneno madogo yaliyobaki chini: imefutwa kwenye kifaa chako. Kwake tu. Huko Ndau ilikuwa ingali ipo, ila sasa yeye ndiye asiyeiona. Mtu anayezama hushika chochote, naye alikuwa ameshika kamba akaikata.

Akampigia Esha. Simu imezimwa, bila shaka iko kwenye chaji ya sola. Akatoka mpaka dakani, akavuta mlango nyuma yake, akampigia Mueni kwa sauti ya chini.

"Rudisha Telegramu yenyewe," alisema Mueni. "Ndani yake kuna kufuta pande zote mbili. Kama hajasoma, hatajua kitu."

"Na ikiwa amesoma?"

"Harakisha tu, mama."

Programu ilishuka taratibu, kile kiduara kikizunguka kama punda wa kinu. Mwanamkisi aliketi juu ya jiwe, akasoma dua alizozijua, akaanza upya, akakosea. Alimwona Idarus akicheka na watu wake. Alimwona kijana mmoja akisema hebu tuone, nani huyo. Aliona Ijumaa: watu wamevaa, ubani unanukia, na nyuma ya kila mkono unaompongeza Hayat kuna mtu anayejua nywele zake zilivyokaa. Msichana huyu angeishi Ndau, kijiji ambacho kila mtu anamjua kila mtu, maisha yake yote. Aliona haya, na nyuma ya haya kulikuwa na woga wa kawaida, wa mtu mwenye kazi, kwamba hakuna nyumba itakayomfungulia tena mlango wa ndani. Alijichukia kwa kuufikiria huo wa pili.

Telegramu ikafunguka, ikataka namba za siri. Namba zenyewe zikatumwa kwenye ile ile programu ya mlango mmoja, ikabidi arudi huko kuzichukua. Akaingia. Picha ipo. Chini yake kuna alama mbili.

Imesomwa.

Aliifuta pande zote mbili hata hivyo, maana hakuwa na jengine la kufanya. Simu ikalia mkononi. Esha Ndau, ikasema skrini, na alama ya buluu.

Sauti iliyoanza ilikuwa ya mwanamume. "Asalamu alaikum, Bi Mwanamkisi." Ikakohoa. "Huyu hapa mwenyewe."

Kisha Esha: "Mbona umeifuta? Nalikuwa kiitazama bado."

"Ni wewe uloifungua?"

"Nani tena? Idarus ameona ina lako, Mwanamkisi, na kuwa ni picha, akasema picha ya mpambaji haimhusu. Ameitia simu ndani ya kofia yake, amekuya nayo kutoka bandarini kitwa wazi yuani, watu wamwita hasimami. Amepija hodi nyumbani kwake mwenyewe. Kasimama pale mlangoni, kanipa, kageuka." Esha akacheka kidogo. "Maua ni hayo hayo. Yasipunguzwe hata moya. Mwanangu mzuri, wallahi."

Alitamani kumshukuru Idarus, lakini hakujua mtu anashukuru vipi kwa jambo la namna hiyo. Akasema inshallah, inshallah, akakata, akafungua mlango.

Ndani, Hayat alikuwa vile vile alivyomwacha. "Mama mdogo asemaye? Ayapenda maua?"

Angeweza kuishia hapo. Maua ni hayo hayo, lete mguu. Hakuna ambaye angejua. Mwanamkisi aliketi mbele yake, akachukua koni ya hina, akaiweka chini. Akamwambia yote, tangu alama ya buluu hadi kofia ya Idarus.

Hayat alisikiliza akiutazama mkono wake. Habari ilipofika mwisho hakulia wala hakuuliza juu ya Idarus, wala juu ya Taufiq.

"Nalikuuliza, ukaniambia hayajibu," alisema.

"Nalikwambia."

"Nawe wayua haikwenda kwake."

"Nalikuwa nayua."

"Kama mume wa mama mdogo angefungua, ungeniambia?"

Miaka yote hiyo Mwanamkisi alijisifu kwa kunyamaza, na hakuwahi kujiuliza anamnyamazia nani. Alitaka kusema ndiyo. "Siyui," alisema. "Wallahi siyui."

Hayat aliitazama hina ya kiwiko ikianza kupasuka. Kisha akanyoosha mguu wa kulia polepole, akauweka juu ya mto.

"Malizia," alisema. "Simu iweke nde."

Mwanamkisi akaitoa, akaiacha dakani juu ya jiwe, akafunga mlango. Akaanza kuchora kutoka kisiginoni. Huko nje ililia kwa Wasapu, ikalia kwa Fesibuku, ikalia kwa nyumba zote zilizokuwa zikimtaka, mpaka adhana ya alasiri, na hakuna aliyekwenda kuitazama.