Siku Mama Ndoana Alipofunga Mdomo

Mama Ndoana alikuwa na sharti moja: hakuna aliyetoka na ndoana dukani mwake bila kueleza anavua samaki gani, kwa chambo gani, na atauvutaje mshipi. Ukijibu vibaya, unafundishwa. Ukikataa kufundishwa, unaonyeshwa mlango, ambao hata hivyo ulikuwa hatua mbili tu kutoka kaunta.

Ndoana zake zilikaa kwenye makopo ya maziwa, kila kopo limefungiwa moja ya mfano. "Kuna bwana alichukua namba kumi na mbili akidhani ni kubwa kuliko namba sita, kumbe namba ikipanda ndoana inapungua," aliwasimulia wateja wapya. "Akarudi na samaki wa kumtosha paka, kama paka ameshakula."

Watu walimcheka, lakini walinunua. Mashua tatu za pale gatini zilichukua ndoana kwake, na zote zilifuata neno la mjomba wake, nahodha mwenye sauti ya kuitia ng'ambo. Mjomba akihama, zote zinahama. Mama Ndoana alilijua hilo vizuri.

Asubuhi moja mjomba aliingia na mabaharia wake. Wawili walienea ndani. Waliobaki waliingiza vichwa dirishani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama mwalimu. Leo tunakaa madawati gani?"

Dirisha zima likaangua kicheko.

"Nipe zile mpya za mviringo, zilizokunja ncha ndani. Na usinihubirie. Nimeanza kuvua wewe hujaota meno."

Ndoana ya mviringo haishtuliwi. Samaki akila, unauacha mshipi ukaze wenyewe taratibu, nayo inageuka na kunasa pembeni mwa mdomo. Ukivuta kwa nguvu, kama mjomba alivyozoea kwa zile za kawaida, unaichomoa. Maneno hayo ni machache kuliko salamu za asubuhi. Lakini mabaharia walikuwa bado wanacheka, na kwa mara ya kwanza Mama Ndoana alitamani kuonekana mtu asiye na makuu. Akazifunga ndoana kwenye gazeti, akatabasamu.

Wapo watakaouita ukimya huo heshima kwa mkubwa. Mimi nauita woga uliovaa vizuri.

Siku ya tatu mjomba alirudi, akamwaga ndoana zote juu ya kaunta. Tayari alikuwa ameitangazia gati nzima kwamba ni mbovu.

"Samaki wanakula na kuondoka bila kuaga!"

"Mjomba, ulivuta kwa nguvu?"

"Sasa ulitaka nimbembeleze?"

"Ndiyo. Hizi hubembelezwa." Akamwonyesha kwa uzi na kidole chake mwenyewe.

Baharia mmoja, ambaye busara haikumlemea, akasema, "Kumbe ndoana haina kosa, nahodha. Ni mikono."

Mjomba alichukua kofia yake.

"Ungeniambia, mpwa wangu."

"Ulisema nisikuhubirie."

"Na tangu lini ukanisikiliza?"

Mama Ndoana akaanza kuzirudisha ndoana kwenye kopo, moja moja. Mjomba naye hakuwa mtu wa kuizunguka gati akikiri kwamba mikono yake ndiyo iliyokosea. Wiki hiyo hiyo mashua zote tatu zilihamia duka la upande wa pili, na hazikurudi tena. Mama Ndoana alizipoteza kwa kuyabana maelezo ambayo yangemchukua nusu dakika kuyatoa.