Solbjørg na Ndama wa Mlangobahari

Solbjørg alitutengeneza nywele sisi wanawake wa Honningsvåg, kaskazini kabisa mwa Norwe, mpaka vidole vikaanza kumuuma. Alipofunga saluni alinunua boti ya mbao yenye kijichumba na jiko, akatangaza kuwa ataitembelea pwani yetu, ghuba kwa ghuba, hadi mji wa Hammerfest na mbele zaidi.

Mumewe Arvid, dereva mstaafu wa basi, alikuwa akitapika hata boti ikiwa imefungwa gatini.

"Basi baki na paka," Solbjørg akamwambia.

"Na nani atanipikia?"

"Paka."

Arvid akapanda, ndoo ya kutapikia mkononi.

Ilikuwa Septemba. Walipoingia kwenye mlangobahari wakakuta kulungu wa kufugwa, wale wa nchi za theluji, wanaogelea kutoka malisho ya kisiwani kwenda bara, msitu wa mapembe juu ya maji. Solbjørg akazima injini kuwapisha. Ndipo akamwona ndama mmoja amesukumwa na mkondo, anaelekea bahari kuu peke yake.

Akawasha injini tena, akamzunguka polepole. "Arvid! Acha ndoo, mshike huyo!"

"Mimi?"

"Kwani nimekuja na nani mwingine?"

Arvid akajilaza ukingoni, akamdaka shingoni. Solbjørg akaja kusaidia, wakamvuta, wote watatu wakaanguka ndani ya boti. Ndama alikuwa akitetemeka vibaya. Arvid akavua sweta lake, akamfunika, akamkumbatia njia nzima hadi bara akimnong'oneza kama mtoto. Ndama naye akamkojolea mapajani.

Ufukweni alisimama Risten, mwenye kundi, mwanamke wa Kisami, kabila la wafugaji wa kulungu hao, ambaye kila mtu kwetu anamjua kwa ulimi wake.

"Ee Arvid, umemwiba au umemzaa?"

"Nimemzaa! Huoni nilivyolowa?"

Risten akacheka mpaka akakaa chini. Alitazama alama ya umiliki masikioni mwa ndama, akamwachia akimbilie kwa mama yake, kisha akawaketisha kwenye moto, akawapa kahawa na mchuzi wa nyama. Arvid akala mabakuli mawili. Solbjørg alikuwa akimtazama tu, maana tangu asubuhi mumewe hakuwa ameweza kumeza hata mkate.

"Tumbo vipi, mzee?" Solbjørg akauliza.

"Tumbo gani?" Arvid akasema, akiramba kijiko. "Hammerfest ni mbali kutoka hapa?"

Usiku walilala kwenye ghuba tulivu chini ya majabali. Asubuhi Solbjørg aliamshwa na mngurumo wa injini. Nanga ilikwishapandishwa, na dereva wa basi alikuwa kwenye usukani, akiimba vibaya sana.