Maji ya Mchana, Nyakabuye

Asubui nimetuma utafiti. Mchana nimekuta jibu lake limeshika kopo!

Utafiti ni wa konferanse ya kilimo cha kisasa. Niliandika kama shamba letu la Nyakabuye liko na maajabu: kila mchana kachombo ka kupima maji ya udongo kanaonyesha umeloa, na mvua hakuna.

Nikasema, acha niende nione mwenyewe.

Nakuta Maman Zawadi, jirani yetu, anakamwangia maji.

"Maman, unafanya nini?"

"Kanawakaka taa nyekundu, Papa. Nikaona kako na kiu."

Nikachoka kabisa.

Munishauri basi: ule utafiti niombe waurudishe?

Juu ile taa nyekundu maana yake kweli ni udongo umekauka. Na maana hiyo sijamuambia hata siku moja, ameijua mwenyewe.