Pipa la Sabasaba

Enzi zetu Kitangari, maji hayakuwa kitu cha kufungulia. Yalifuatwa. Mama zetu walitoka kabla ya adhana ya alfajiri, wakashuka bondeni kwa msururu, na sisi tukiwa kwenye uji wa muhogo tuliwasikia wanapanda kilima, wanacheka huku wanahema. Vijana wa leo bomba likikauka nusu siku wanalalamika kwenye simu mpaka chaji inaisha. Sisi tulinawa uso, maji yaleyale tukanawia miguu, yaliyobaki wakanywa kuku.

Kina mama wale walikuwa na utaratibu wao. Aliyeteleza akamwaga ndoo hakurudi bondeni. Kila mwenzake alimchotea kata moja ya maji kutoka ndoo yake, na wote wakafika nyumbani na pungufu kidogo. Mama yangu aliwahi kuanguka akiwa na mimba ya mdogo wangu. Wa kwanza kumchotea alikuwa Mama Shabani, jirani yetu.

Sabasaba ndiyo ilikuwa siku yetu kubwa. Uwanjani kulikuwa na ngoma, mpira na mashindano ya kufukuza kuku, na miguu tuliyopaka mafuta asubuhi ilikuwa myekundu kwa vumbi kabla ya saa nne. Pembeni liliwekwa pipa. Kila nyumba ilileta ndoo moja ya maji ikamimina, na yeyote aliyetoka jasho, mwenyeji au mgeni kutoka Mkunya, alikunywa bila kuulizwa.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi walipanda na malori yao, wakalipia korosho papo hapo. Msimu ule baba aliuza vizuri. Aliezeka nyumba bati, akachimba uani kisima cha saruji cha kukingia maji ya mvua, na kwenye mfuniko akatia kufuli. Mvua zilipokwisha kisima kilikuwa kimejaa, na majirani wakaanza kuja na ndoo na sarafu. Mama aliacha kukaa barazani jioni.

Sabasaba ilipofika, baba alisema nyumba yetu haitapeleka ndoo kwenye pipa. "Jua kali, watu wengi. Leo ndiyo siku ya kuuza."

Asubuhi ileile Mama Shabani aliingia uani, kanga imelowa mpaka magotini, ndoo tupu mkononi. Alikuwa ameteleza kilimani, na wenzake walishatangulia uwanjani.

"Mama Zuhura, nisaidie ya pipa."

Mama alimtazama baba, maana ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

"Lete hela, Mama Shabani," baba akasema, anacheka. "Siku hizi soko huria. Kwani wewe korosho zako uligawa?"

"Hata ya pipa, Baba Zuhura?"

"Maji ni maji."

Mama Shabani alimtazama mama, si baba. Kisha akajitwisha ndoo tupu, akageuka kurudi bondeni. Mama aliingia ndani, akavua kanga yake mpya ya sikukuu, akajifunga ya kazi, akachukua ndoo akamfuata. Nilitamani ardhi inifunike. Kisima kimejaa nyumbani, na mke wa mwenye kisima anashuka bondeni!

Walirudi pamoja jua likiwa utosini, wakakatiza uwanja mzima. Wanawake hawakumwonea huruma mama. "Mwenye kisima huyoo! Vipi, ufunguo umepotea?" Mama aliinamisha uso, akamimina maji yake pipani. Mama Shabani ndiye aliyempangusa jasho kwa pembe ya kanga.

Alasiri baba naye alikuja. Alikuwa hodari wa ngoma, akaingia katikati, akacheza mpaka shati likamganda mgongoni. Alipotoka, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono kwenye pipa. Mama Shabani akamwahi. Alichota kata, akapiga goti kama tulivyofundishwa kumpokea mgeni, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu, Baba Zuhura. Haya hatuuzi."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Baba aliyanywa, maana kukataa kungekuwa vibaya zaidi, na mimi nilibaki nachora vumbini kwa kidole cha mguu mpaka aliposhusha ile kata.

Kufuli halikutoka. Kesho yake maji yaliuzwa kama kawaida, ila baba alituachia sisi watoto kupokea hela. Yeye alishinda shambani.

Siku hizi Sabasaba ni maonyesho ya biashara. Watoto wangu wanarudi huko na chupa za maji ya kununua, wamekunywa nusu, nusu wanamwagia maua. Nikiwaambia kwamba kwetu siku hiyo maji yalikuwa bure, wananicheka: "Sasa mama, faida alipata nani?" Basi nawasimulia habari za pipa, na kina mama, na kata moja moja kilimani, mpaka wananyamaza wanasikiliza. Mara nyingine huwaambia pia kwamba palikuwa na mtu mmoja aliyeuza maji siku ile. Wakiniuliza alikuwa nani, nawaambia ni jirani.